Uvuvi Mokoto: mtu mzito achague mtumbwi gani?

"Fundi, hii itanibeba?" Ndilo ulizo la kwanza la mtu mwenye mwili mkubwa anapotaka kununua ao kukodi mtumbwi wa kuvulia. Na jibu linajulikana: "Itakubeba papa, ingia tu." Fundi hasemi uongo. Mtumbwi wa mti utabeba karibu kila mtu, maana mti wenyewe unaelea. Shida ni kwamba ulizo si lile. Mwenye kilo 110 ao 120 anapaswa kuuliza mambo mawili mengine: nikisha kuikala ndani pamoja na vitu vyangu vyote, ukingo utabaki juu ya maji kwa kiasi gani? Na pale ninapoikala, upana ni wa santimetre ngapi?

Masisi ni nchi ya milima, ng'ombe, maharagwe na fromaji. Mtu wa Mweso hakukua ndani ya maji kama mtoto wa Vitshumbi ku ziwa Edward ao wa Idjwi ku ziwa Kivu. Lakini maji tuko nayo. Maziwa ya Mokoto, katika sheferi ya Bashali, karibu na ile monasteri ya Watrapisti, yanavuliwa kila siku, na Ndalaga, lile kubwa kuliko mengine, si kidimbwi. Mwenye kuanza uvuvi akiwa mtu mzima, mwenye mwili uliojaa, mara nyingi anapewa mtumbwi uliochongwa kwa ajili ya kijana wa kilo 60. Anaingia, unayumba, watu wa ku kando wanacheka, naye anafikiri kosa ni mwili wake. Kosa ni kipimo.

Hesabu ya santimetre

Chombo chochote kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake pamoja na mzigo. Litre moja ya maji ya ziwa ni kilo moja. Hiyo tu inatosha kufanya hesabu nzima, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Tuseme mtumbwi wa urefu wa metre 4, na upana wa santimetre 50 pale unapogusa maji. Kama ungekuwa sanduku, kuuzamisha santimetre moja kungeomba kilo 20. Lakini mtumbwi una ncha mbele na nyuma, kwa hiyo tuondoe karibu sehemu ya tatu: inabaki kilo 14 hivi kwa kila santimetre. Sasa kijana wa kilo 65 akiingia, mtumbwi unashuka karibu santimetre 5. Mtu wa kilo 115 akiingia, unashuka zaidi ya 8. Tofauti ni vidole viwili. Mtu anaweza kusema vidole viwili si kitu.

Ila tuendelee na hesabu. Mtumbwi ule ukiwa mtupu ulikuwa na ukingo wa santimetre 20 juu ya maji. Mtu wetu ameikala: imebaki 12. Ametia nyavu, na jioni anarudi nazo zikiwa zimelowa, pamoja na tilapia ndani ya beseni, kila kitu kilo 30: imebaki 10 tu. Kisha mwenzake wa kilo 65 anaomba amvushe: imebaki 5. Na mtumbwi hauikali sawa siku zote. Ukiegemea upande mmoja kwa nyuzi 10 tu, ambayo ni kitu kidogo sana, kama vile mtu kugeuka kuchukua kasia, ukingo wa upande ule unashuka santimetre 4 na nusu. Imebaki nusu santimetre. Wimbi la kwanza linaingia, na maji yaliyoingia ni mzigo mpya unaokimbilia upande ule ule ulioegemea.

Ndiyo maana wavuvi wazoefu wanapima kwa mkono. Kila kitu kikisha kuingia, watu, nyavu, chakula, nafasi ya samaki, ukingo ubaki juu ya maji kwa shibiri moja nzima, santimetre 20 hivi. Kwa mtu mzito hii maana yake mtumbwi mtupu uwe na ukingo wa karibu santimetre 30 juu ya maji, kama ni ule wa metre 4. Haupati? Tafuta mrefu zaidi ao mpana zaidi. Ule wa metre 5 na nusu wenye upana ule ule unaomba kilo 19 kwa santimetre moja, badala ya 14.

Boti kubwa nazo zinafuata sheria hii hii. Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake. Boti inayoshuka hivyo haina ukingo wa kutosha wa kuisamehe inapoegemea.

Upana ndio unakuokoa

Urefu unasaidia kubeba. Lakini kuyumba, ile woga inayomshika mtu mnene akiingia, dawa yake ni upana. Na upana una nguvu ya ajabu: uthabiti wa chombo hauongezeki kilo kwa kilo, unaongezeka kwa upana mara upana mara upana. Mtumbwi wa santimetre 65 unapita ule wa 50 kwa karibu sehemu ya tatu tu ya upana, lakini ukakamavu wake wa kukataa kupinduka unapita mara mbili. Santimetre 15 hizo zina faida kuliko mafunzo ya wiki mbili.

Hapa Masisi kuna kizuizi kimoja. Mtumbwi wa kuchonga hauwezi kupita upana wa mti uliotoka. Milima yetu imekuwa mashamba na malisho tangu siku nyingi, na miti minene imekuwa shida kupata. Ku upande wa Walikale, kando ya Lowa na mito mingine ya pori, bado mtu anaweza kuona mtumbwi wa mti mmoja ambao watu wawili wanaikala bega kwa bega. Hapa juu, mti unaopatikana unatoa mtumbwi mwembamba, na fundi hana namna ya kuupanua sana. Kwa mtu wa kilo zaidi ya 100, mtumbwi wa mbao zilizounganishwa ndio wenye maana zaidi, hata kama unaomba kuzibwa mara kwa mara. Mbao zinafuata kipimo unachosema wewe. Mti unafuata kipimo chake.

Na kipimo si jambo la aibu. Watu wa Kaskazini kabisa ya dunia, Wainuit, ndio waliotengeneza kayaki, kile chombo chembamba cha ngozi cha kuwinda na kuvua. Hawakuwa na kayaki ya kila mtu. Kila moja ilipimwa ku mwili wa mwenyewe: urefu karibu mara tatu ya mikono yake iliyonyoshwa, upana wa nyonga zake kuongeza ngumi mbili. Mtu akiwa mkubwa, kayaki yake ilikuwa kubwa. Mtoto wao alianza kujifunza akiwa mdogo, kwa hiyo ngumi mbili zilimtosha. Mtu wa Mweso anayeanza akiwa na miaka 40 aongeze ngumi nyingine mbili, hakuna atakayemlaumu.

Pa kuikala ni wapi, na juu ya nini

Mtumbwi mzuri unaweza kuharibiwa na mtu aliyeikala vibaya. Uzito ukiwa juu, chombo kinataka kupinduka; uzito ukiwa chini, kinarudi sawa chenyewe. Kwa mtu mwembamba tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa kilo 115 ni kubwa, maana sehemu kubwa ya uzito wote ni yeye mwenyewe. Kibao cha kuikalia kilichowekwa juu, sawa na ukingo, ni kizuri kwa magoti na kibaya kwa maisha. Akishushe. Kibao kisipite shibiri moja kutoka chini, miguu ipanuliwe, magoti yaguse pande zote mbili. Magoti yakigusa, mwili unasikia mtumbwi unapoanza kuegemea kabla macho hayajaona.

Wengine wanaikala nyuma kabisa, kama wanavyoona wenye kupiga kasia ku mto. Kijana mwepesi anaweza. Mtu mzito akiikala nyuma, mbele inapanda hewani, na upepo wa mchana unaukamata mtumbwi kama karatasi na kuuzungusha. Aikale karibu na katikati, nyuma kidogo tu. Kama anavua peke yake na lazima awe nyuma ili kutega, atie mzigo mbele: bidoni ya maji ya litre 20 ni nzuri kuliko jiwe, kwa sababu mtumbwi ukijaa maji ile bidoni haitauvuta kwenda chini.

Kusimama? Kwa nyavu ndogo hakuna lazima. Anayesimama ili kurusha wavu achague chombo kingine, cha upana wa santimetre 80 ao zaidi, ama aunganishe viwili.

Kuunganisha si mawazo ya mtu mmoja. Wavuvi wa sambaza ku ziwa Kivu wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuingia nayo usiku na taa. Chombo kinakuwa kipana hivi kwamba watu wanatembea juu yake na kuvuta wavu bila woga. Ku pwani ya Tanzania na Kenya wako na ngalawa, mtumbwi mwembamba wenye mbao mbili zinazoelea pembeni. Hakuna sababu mvuvi mmoja wa Ndalaga asifanye kidogo cha hayo. Bidoni tupu ya litre 20, kifuniko kimefungwa vizuri, ikisukumwa yote ndani ya maji inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 19 hivi. Ikifungwa ku mti unaopita juu ya mtumbwi, santimetre 80 kutoka katikati, kila upande moja, inamfaa mtu wa kilo 115 kama vile angewahi kusogeza mwili wake santimetre 13 upande wa pili. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuyumba na kuanguka. Bidoni ziguse maji kidogo tu, zisiburutwe. Ubaya wake: nyavu zinakamata ku miti ile, na kufika karibu na majani ya kando kunakuwa kazi.

Kama ni kayaki ya plastiki

Hazionekani Mweso. Lakini zinajulikana ku ziwa Kivu. Ku kisiwa cha Tchegera, pale Hifadhi ya Virunga ilipojenga kambi ya watalii, wageni walikuwa wanazipiga kasia. Kuna pia ndugu walio Ulaya ao Kanada wanaouliza familia kama watume moja. Kabla ya kusema ndiyo, kuna mambo ya kutazama.

Kila kayaki ya kiwandani inaandikwa uzito wa mwisho inaoweza kubeba. Namba ile wengi wanaisoma vibaya. Si uzito ambao utavua nao vizuri. Ni karibu na mwisho wa uwezo wake, pale inapokuwa nzito kama gogo na maji yanapita juu. Wenye uzoefu wanahesabu theluthi mbili tu ya namba ile. Tufanye tena hesabu: mtu kilo 115, nguo na jile 4, vyombo vya kuvulia 8, nanga na kamba 4, samaki 10. Jumla 141. Kayaki iliyoandikwa kilo 160 inaonekana inatosha, lakini theluthi mbili yake ni 107 tu. Mtu huyu anahitaji iliyoandikwa kilo 210 hivi. Na anayetuma kutoka mbali aambiwe uzito wa kweli, si ule wa heshima.

Kisha aina. Kuna ya kuingia miguu ndani ya tundu, na kuna ya kuikala juu. Kwa mtu mnene, ya tundu iachwe: kuingia ni shida, na ikipinduka, kutoka ni shida kubwa zaidi. Ya kuikala juu ina matundu madogo sakafuni ya kutoa maji. Mtu akiwa mzito kupita kipimo, maji yanapanda kupitia matundu yale yale na anavua akiwa ameikala ndani ya bwawa. Ni dalili nzuri ya kujua kwamba namba ilisomwa vibaya. Upana wa santimetre 80 hadi 90 ndio wa kutafuta. Hizo pana ni nzito zenyewe, nyingine zinapita kilo 40, na kuipandisha ku njia ya Masisi wakati wa mvua ni habari nyingine.

Za kujazwa upepo ndizo zinazoweza kufika. Goma hadi Mweso ni karibu kilometa 100, na ile inaweza kufungwa nyuma ya moto kama gunia. Ni pana, haiyumbi, inamfaa mtu mkubwa. Ila ndoano, miiba ya samaki na jua la mchana ni adui zake: jua likiwaka, hewa ndani inavimba, lazima kupunguza kidogo. Na upepo wa ziwa unaisukuma kwa urahisi kuliko mti.

Kujaribu kabla ya kulipa

Hakuna mwenye mtumbwi mwaminifu atakayekataa jaribio. Kwanza mtu ajue kilo zake. Balansi ya depo ya maharagwe inatosha, kama mwenyewe anakubali, na wauguzi wa kituo cha afya wako nayo pia. Halafu mtumbwi uwekwe pale maji yanafika magotini, na zitiwe ndani bidoni za maji: kila moja iliyojaa ni kilo 20 na kidogo. Kwa mtu wa 115 mwenye mzigo wa 30, bidoni saba. Pima ukingo kwa mkono. Kama shibiri haipo, mazungumzo ya bei yaishie pale.

Bidoni zinadanganya kwa jambo moja: zinaikala chini kuliko mtu. Kwa hiyo zikitoka, mwenyewe aingie, wenzake wawili wakishika pande. Mmoja asukume ukingo chini polepole, mpaka ubaki vidole vinne juu ya maji, kisha aachilie. Mtumbwi unaorudi haraka, huo ni wake. Unaorudi kwa uvivu, ao unaobaki umeegemea kama ng'ombe mgonjwa, aulipe mwingine.

Jaribu pia mara ya pili ukiwa umelala ndani ya maji siku mbili. Mti mkavu ulioanikwa ni mwepesi. Mti uliokunywa maji unaongeza kilo nyingi, na kilo hizo zinakula ule ukingo uliopima.

Siku ukipinduka

Jile ndiyo kitu cha kwanza, na wengi wenye mwili mkubwa wanaiacha kwa sababu ile ya kawaida haifungi kifuani. Waombe kubwa. Wanaofikiri mtu wa kilo 120 anahitaji jile yenye nguvu mara mbili wanakosea: mafuta ya mwili yanaelea, na mara nyingi mtu mnene anaelea vizuri kuliko kijana wa misuli. Kinachomfaa ni kamba zinazofika na kufungwa. Asiyepata jile ajifunge kifuani bidoni mbili za litre 5 zilizofungwa vizuri. Si jile, lakini ni kilo 10 za msaada.

Kitu kigumu zaidi ni kurudi ndani. Mtu mzito akijaribu kupandia pembeni ya mtumbwi mwembamba, anaupindua tena, na tena, mpaka nguvu zinaisha. Apite ku ncha, nyuma, apige miguu mpaka alale juu ya tumbo, kisha atambae kwenda katikati bila kuinuka. Kama kuna mwenzake majini, mwenzake ashike ncha nyingine. Kamba fupi yenye kitanzi, iliyofungwa nyuma na kuning'inia chini ya maji, inampa mguu ngazi. Ni kitu cha dakika tano kukifunga.

Na kama imeshindikana, asiuache. Mtumbwi wa mti uliojaa maji bado unaelea, ukingo ukiwa sawa na maji. Maji ya huku juu ni ya baridi, na pwani inaonekana karibu kuliko ilivyo; wengi wanaouacha ili kuogelea ndio wasiofika. Mikono juu ya mti, kifua juu ya mti, na kupiga kelele, ama filimbi kama imefungwa ku jile, mpaka mtumbwi mwingine uje. Unaokuja usogee kwa ncha, si kwa pembeni.

Anayekwenda kuagiza kwa fundi wa mbao wiki hii aende na kamba yenye mafundo matatu: fundo la upana wa nyonga zake na ngumi nne, fundo la urefu wa metre 4 na nusu, na fundo la ukingo wa ndani, santimetre 40 kutoka sakafu. Na kama ana mke ao mtoto ambaye atavuka naye siku ya soko, na huyo apimwe kilo zake kabla fundi hajakata ubao wa kwanza.